Kochi Linalonguruma

Karakana ya Makochi
Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Katika mji huu hakuna anayekaa kitako kwa raha bila mimi. Hakimu anahukumu juu ya sponji yangu. Kinyozi ananyolea watu juu ya springi zangu. Juzi nimepita mbele ya benki, meneja akainuka ghafla kitini, wateja wote wakageuka kuona kuna nini. Wao walifikiri ameinuka kwa heshima. Mimi najua: kiti ndicho kilichomwinua, kilipomwona aliyekishona. Na miaka yote hiyo sijawahi kusahau hata sindano ndani ya kochi la mtu. Mafundi wengine ukipasua kazi zao unakuta maganda ya karanga, mmoja alikutwa na kandambili. Mimi, hapana.

Sasa kaa chini. Umekaa? Ile simu uliyoninunulia kwa mshahara wako wa kwanza imekwenda. Wezi. Alhamisi jioni, nimetoka tu kupakia kochi la mama yako kwenye lori, wakanivamia watatu, kila mmoja ana upana wa kabati. Nikamkamata wa kwanza kwa kola, wa pili kwa mkanda. Wa tatu ndiye akakimbia nayo, maana mikono ya binadamu ni miwili tu. Mkazamjomba wako ananiuliza, "Kabati tatu zimekuvamia, mbona shati limenyooka?" Nikamwambia, ndiyo ubora wa shati.

Usije ukapiga ukaona sipokei ukadhani nimekasirika. Mimi nami siwezi kukupigia. Namba yako ilikuwa humo humo. Kichwani nina namba moja tu, ya zimamoto, na sikuona sababu ya kuwasumbua. Lakini anwani ya kiwanda chenu cha maziwa niliiandika mwenyewe juu ya gunia tulilofungia kochi, nikaikumbuka. Mkazamjomba wako hajawahi kuwa na simu na hataki. Anasema nyumba yenye redio moja inatosha. Redio ni mimi. Mama yako ndiye aliyenibandika jina hilo tukiwa wadogo, mwulize.

Kinachoniumiza kichwa ni kazi ya maktaba. Mkutubi alinipa viti vyote vya chumba cha kusomea nivishone upya kabla ya maktaba kufunguliwa tena mwisho wa mwezi huu. Picha za viti, vipimo, rangi ya kitambaa, vyote alinitumia kwa simu. Na wewe unajua kazi zilivyokuwa chache. Hii ikiponyoka, nafunga karakana naenda kushona magunia ya mkaa. Staili, yule fundi wa ng'ambo ya barabara, ameshaanza kumsalimia mkutubi mara mbili kwa siku.

Maisha bila simu ni vita. Asubuhi ilikuwa inaniamsha simu, sasa naamshwa na kiwiko cha mkazamjomba wako. Kiwiko hakina pa kubonyeza ili kisubiri kidogo. Na zamani mteja akiuliza kazi yake iko wapi nilikuwa najibu niko njiani, huku nimelala. Sasa nikisema niko njiani, inabidi niwe njiani.

Niambie kochi limefika salama, na mgongo wa mama yako unasemaje.

Mjomba wako,
Bingwa wa Makochi

*

Kiwandani
Jumatatu, 10 Machi

Mjomba, shikamoo,

Barua yako imenifikia maabara, mlinzi wa getini ameileta mwenyewe akiwa ameishika kwa mikono miwili. Anasema tangu aajiriwe hajaona barua ya mtu kwa mtu, ni bili tu.

Pole sana kwa wezi. Usijilaumu kuhusu simu, ilikuwa yako, na uzima wako ni bora kuliko simu. Mimi ndiye nilikuwa nimeanza kununa. Alhamisi ile jioni na Ijumaa nzima nilikuwa nakupigia, mchana wakati wa kula na jioni nikitoka kazini, inaita tu. Jumamosi ikawa haipatikani. Nikasema, nimemkosea nini huyu?

Kochi limefika Ijumaa asubuhi. Mjomba, ahsante. Mama hakuwa amekaa sebuleni tangu mgongo ulipomshika. Alikuwa analala chumbani anaongea na sisi kupitia ukuta. Sasa anakaa kwenye kochi lako kama mkuu wa shule. Anatuona tunachofanya, anatugombeza, nyumba imerudi kuwa nyumba.

Jambo moja tu ameniambia nikuulize. Siku ile ya kwanza kochi lilikuwa linanguruma. Amekaa zake, mara chini yake kitu kinatetemeka, "ngrrr, ngrrr," kinanyamaza. Mchana mara kadhaa, jioni tena. Tangu Jumamosi halijanguruma. Anasema hakuogopa, na kwa kweli mgongo ulipata nafuu. Anataka kujua kama linaweza kurudia.

Kuhusu kukaa bila simu, nakuelewa kuliko unavyofikiri. Sisi maabara tunaacha simu kwenye visanduku vya getini ili uchafu usiingie kwenye maziwa. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya birika la maziwa najipapasa kama mtu anayewashwa. Utazoea.

Namba yangu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Azima simu ya jirani tuongee.

Mpwa wako

*

Karakana ya Makochi
Jumapili, 16 Machi

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena.

Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi wowote. Kochi linanguruma kwa sababu ya springi. Hizo si springi za kawaida, ni za daraja la juu. Zikisafiri kwenye lori zinakusanya mtikisiko wa barabara, zikifika zinautoa kidogo kidogo mpaka unaisha. Ndiyo maana Jumamosi limenyamaza, limeshatua mzigo. Wataalamu wanajua. Haifai kabisa kulifungua. Nakazia: mtu asilifungue.

Kuazima simu ya jirani haiwezekani. Jirani mwenye simu nzuri ni Staili, na yule akikuazima simu leo, kesho mji mzima unajua ulimwambia nini nani. Tena barua imenipendeza. Kwenye simu ulikuwa unanikata katikati ya hadithi, "Mjomba, nakupigia baadaye." Kwenye barua huna ujanja.

Sasa nikueleze ninavyoishi. Nilikuwa napoteza wateja. Wanakuja, mlango umefungwa, hawana pa kunipigia. Nikatundika ubao mlangoni, nikaandika kwa chaki: NIMEKWENDA MAKTABA. NARUDI NIKIRUDI. Jioni nakuta chini yake mtu ameandika, "Nasi tumekuja, tukaondoka tulipoondoka." Mwingine: "Kiti changu kina miezi miwili, kimeshaanza kuota meno?" Siku ya pili muuza chai naye akaandika bei ya chai. Siku ya tatu ukawa uwanja wa watu. Anayepotelewa na ufunguo anaandika pale, anayeuza kabati anaandika pale. Mtu akinitania namjibu, na wapita njia wanasimama kusoma. Staili ana wafuasi wake kwenye simu; mimi wangu wanasimama na miguu yao.

Maktaba nayo. Picha sina, basi nikajikokota mpaka kwa mkutubi. Mwanamke mkali yule, anaongea kwa kunong'ona hata akiwa barabarani. Akaniuliza, "Umekuja na kipimio gani?" Nikatoa kamba. Nikamwambia sisi mafundi wa zamani tunapima kwa kamba na shibiri, maana kamba haina namba za kudanganya. Nilikwenda kwa kamba pia kwa sababu Staili amechukua futi yangu ya kupimia. Sina ushahidi, lakini macho yake yana futi.

Basi nikapima kiti kimoja kimoja, nikakaa kwenye kila kimoja. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna picha ingenionyesha. Viti vyote vimebonyea upande wa kushoto! Nikajiuliza, wasomaji wa mji huu wote wana nyonga moja? Nikakaa, nikafungua gazeti, mara nikajikuta nami nimeegemea kushoto. Dirisha liko kushoto. Watu wanafuata mwanga. Picha ilipigwa kutoka mbele, ningevijaza sawa pande zote, na mwakani vingebonyea tena. Sasa najaza sponji ngumu zaidi kushoto. Mkutubi aliponisikia alisahau kunong'ona.

Wale wezi wakija kuniomba radhi, wote watano, nitawapa chai.

Mjomba wako,
Bingwa wa Makochi

*

Nyumbani
Jumanne, 25 Machi

Mjomba, shikamoo,

Barua ya kwanza wezi walikuwa watatu. Hii ya pili wako watano. Mama anasema kufikia mwezi wa sita watakuwa kikosi.

Nikwambie tunavyozisoma barua zako. Nikitoka kazini, Mama yuko kwenye kochi ameshavaa miwani ingawa msomaji ni mimi. Dada wa jirani anakuja na kigoda chake. Nilipofika kwenye kabati tatu na shati, Mama alicheka mpaka akajishika mgongo akasema, "Mnisimamishe, Redio ananiua." Kisha akatuhadithia ulivyotoka shule darasa la sita kwa ombi la mwalimu. Sijawahi kumsikia akisimulia utoto wenu. Hata siku moja.

Nimefikiri sana juu ya hili. Tulipokuwa na simu tulikuwa tunaongea karibu kila siku, na nikijaribu kukumbuka tuliongea nini, nakumbuka "umekula?" na "mtandao unakatika." Barua zako mbili nimezishika karibu neno kwa neno. Usinielewe vibaya, nitakununulia simu nyingine nikijaliwa. Lakini nashukuru kwa kipindi hiki.

Maktaba inafunguliwa lini hasa? Utamaliza? Najua wewe ukisema mambo mazuri sana, huwa kuna kitu kimekwama.

Mama anauliza kama springi zinaweza kupakiwa mtikisiko mwingine. Anaukumbuka.

Mpwa wako

*

Karakana ya Makochi
Jumatano, 2 Aprili

Mpwa wangu,

Maktaba imefunguliwa juzi, Jumatatu. Nimekaa mstari wa mbele, katikati ya diwani na mwalimu mkuu. Hotuba zote zilikuwa za vitabu, lakini watu walikuwa wamefumba macho kwa raha, na raha ile haikutoka kwenye hotuba.

Umeuliza kama nilikwama. Una ubaya wewe, umeurithi kwa mama yako. Ndiyo, nilikwama. Kufikia Jumamosi viti tisa vilikuwa bado ni mifupa mitupu. Kupima kwa kamba kunachukua muda, na kila kiti ilibidi nikirudie upande wa kushoto. Mkutubi alipita akavihesabu kwa macho, hakusema kitu, akaondoka. Akishanong'ona unaogopa, akinyamaza kabisa unaanza kufikiria magunia ya mkaa.

Zamani ningefanya nini? Ningempigia mkutubi nimwambie tunamalizia, kisha ningezima simu. Sasa ubao tu ndio nilionao, na ubao hauzimwi. Nikaandika ukweli kwa chaki: BADO VITI TISA. JUMATATU NI KESHO KUTWA. Nikarudi ndani nikainamisha kichwa kushona. Haki ya Mungu sikumwomba mtu.

Muuza chai akaingia kwanza, na birika. Akasema, "Mimi sijui kushona, lakini najua kuvuta." Nikamwambia shika kitambaa hapa, vuta. Kinyozi akaja na mikasi yake. Mkazamjomba wako akafunga khanga kiunoni akaanza kutoboa matundu ya vifungo, na usimwambie, lakini anatoboa vizuri kuliko mimi. Saa ya adhuhuri nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Staili. Ameshika bunduki yake ya pini mkononi, ile mpya.

Nikamwuliza, "Umekuja kucheka?"

"Nimesoma ubao."

"Basi cheka uende."

"Wewe mzee, utaendelea kuongea au nianze na hiki cha pembeni?"

Akakaa chini akafanya kazi. Kila mara nikimwangalia naona anajaza zaidi kushoto kuliko kulia, na mimi sikuwa nimemwambia. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Si uliandika ubaoni wiki nzima, kwamba wewe ni fundi wa kwanza duniani kugundua dirisha?" Jumapili jioni kiti cha mwisho kikasimama. Tukakaa sote juu ya viti, mle mle karakana, tukanywa chai bila kusema kitu. Hata mimi.

Mkutubi amenipa na viti vya chumba cha watoto. Nimemwambia nitavifanya pamoja na Staili. Amekubali. Ameniambia pia kwamba kila akipita anausoma ubao wangu, na kwamba kuna makosa ya maandishi. Ninayaacha kwa makusudi, ili watu wasimame.

Nashukuru, mpwa wangu. Sijui kwa nini nakuandikia neno hili wewe, lakini siku ile ningekuwa na simu mkononi ningekaa peke yangu na viti tisa.

Mjomba wako,
Bingwa wa Makochi (mwenza ni Staili)

*

Nyumbani
Jumanne, 8 Aprili

Mjomba, shikamoo,

Hongera! Mama amepiga vigelegele akiwa amekaa, ni mara ya kwanza tangu augue. Dada wa jirani ametoka kwake mbio akidhani kuna harusi.

Sasa nina swali, nijibu haraka. Jana kitana cha Mama kilidondoka katikati ya mto na mkono wa kochi. Nikaingiza vidole kukitafuta. Kitana nimekipata, lakini chini yake, ndani ya kitambaa, nimegusa kitu kigumu, bapa, kama kigae. Ukikibonyeza hakibonyei. Pembeni yake kuna kitu kingine cha duara.

Mama anasema niache, ni utaalamu wa springi. Mimi naogopa kisije kikamchoma mgongo. Kuna fundi makochi mtaa wa pili hapa, anasifiwa. Nimwite Jumamosi alifungue aangalie, au unasemaje?

Mpwa wako

*

Karakana ya Makochi
Jumamosi, 12 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Usimwite huyo fundi! Kama amekuja, mpe chai, mwambie amekosea nyumba. Kama ameshika mkasi, mnyang'anye. Barua yako imenifikia asubuhi hii, na hii nimempa dereva wa lori aikimbize kwa mkono wake. Mafundi tunajuana mji kwa mji. Akilifungua yule, kabla ya jua kuzama ubao wangu wenyewe utaandikwa habari zangu.

Ninakuja mimi, Jumatano. Nitalifungua mwenyewe mbele ya mama yako, na nitalishona tena vizuri.

Wezi hawakuwepo. Hawakuwa watatu wala watano. Hakuna hata mmoja.

Ilikuwa hivi. Nilipomaliza kufunga springi za kochi la mama yako zilinipendeza mno. Zilikuwa zimesimama sawasawa, zinang'aa. Nikasema haiwezekani uzuri huu ufunikwe bila mtu kuuona. Nikatoa simu nikazipiga picha, ili nimwonyeshe Staili awe na wivu. Simu nilikuwa nimeitia mtetemo, mteja mmoja alikuwa ananisumbua. Nikaiweka pale pale juu ya mkanda wa springi, mara moja tu, nichukue sponji. Lori likapiga honi. Nikaweka sponji, nikavuta kitambaa, nikapiga pini. Fundi asiyesahau hata sindano.

Jioni ile niliitafuta simu kila mahali, sikujua iko wapi, nikasema ni wezi. Hilo naweza kuapa. Lakini uliponiandikia kwamba kochi linanguruma mchana wakati wa kula na jioni ukitoka kazini, nilijua hapo hapo. Ndiyo maana nilisimama, nikakaa, nikasimama. Ulikuwa unamtafuta mjomba wako, ukawa unamkanda mama yako mgongo.

Kwa nini sikusema? Jina la fundi, sawa. Lakini zaidi ni kwamba ulishinda dukani ukichagua simu ile kwa mshahara wa kwanza, na mimi nimemkalisha mtu juu yake. Nikaona mwizi ana heshima zaidi. Halafu barua zako zikaanza kuja, na mama yako anacheka, na watu wanasimama mlangoni kwangu, nikasema nikiipata simu haya yote yatakwisha. Basi nikaiacha ilale.

Ahsante kwa simu, mpwa wangu. Mwanzo ulinipa ikanifaa. Kisha ikanifaa zaidi ilipokosekana. Jumatano nikiitoa itakuwa ya mama yako. Yeye ndiye aliyeizoea. Wewe utakuwa unampigia mchana, aiweke nyuma ya mgongo. Mimi niandikieni.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitumaini sikuona vizuri, lakini umeandika wazi: pembeni ya kigae kuna kitu cha duara. Sasa sikiliza, na hili usilisome kwa sauti mbele ya dada wa jirani. Nitapita kwa Staili kabla sijapanda basi, na sijui nitaanzia wapi, maana leo asubuhi tu ametoka kuniazima ya kwake bila kinyongo. Kile cha duara ni futi yangu.

Mjomba wako,
Redio